Ng'ombe Wachache wa Huka

Mume wangu Huka atakueleza pembe za ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijaolewa, zilipinda upande gani na alizirithi kwa nani. Lakini muulize ana ng'ombe wangapi. Atatazama mawingu kama mtu aliyeulizwa habari za mvua, kisha aseme, "Wachache tu. Wa kumpa mtoto maziwa."

Huo si uongo. Kwetu Waorma, mali yenye pumzi haitiwi hesabu. Ukitaja idadi yao umelionyesha jicho baya mlango wa zizi. Mimi Abdia, pamoja na ukali wangu wote na mdomo wangu ambao majirani wanaujua, sijawahi kumwambia mtu yeyote tuna ng'ombe wangapi, na sitaanza leo.

Sasa mwonee huruma Daktari Josiah. Alitoka chuo kikuu na watu wake kufanya utafiti wa barabara kuu, hii inayopita kwetu kutoka Garsen kwenda Hola. Serikali inataka kuiinua na kuipanua ili mafuriko yasiikate tena, na kabla ya kuinua ni lazima kwanza ijulikane maji yanapita wapi, watu wanavukia wapi, na ni sehemu gani magari yanaua. Daktari ni mtu mzuri, mnene kidogo, na kila akishuka kwenye gari lake lenye baridi miwani inaingia ukungu, asimame akipapasa kama kuku jioni. Nilimpa maziwa akanywa yote. Kisha akauliza, "Mama, nyinyi mna ng'ombe wangapi wanaovuka hapa kwenda mtoni?"

"Vijing'ombe viwili vitatu," nikasema.

Akamwuliza Huka. Huka akatazama mawingu. Akaenda kwa jirani, akaambiwa wachache. Kwa jirani wa pili, wachache mno, na wengine wagonjwa. Kijiji kizima kilikuwa na adabu siku ile. Daktari aliandika kila alichoambiwa, akashukuru, akaenda zake.

Jilo wa kijiji cha Wema, ambaye huniletea mchele na ndizi nami nikampa maziwa, hakufanya mchezo huo. Yeye ni Mpokomo, na Wapokomo na maji hawafichani. Daktari alipomwuliza mafuriko yanafika wapi, Jilo alimshika mkono akampeleka hadi kwenye ukuta wa nyumba yake, akamwonyesha alama ya matope, akamwonyesha shamba ambalo lisipopata maji hayo halitoi mpunga, na pale ambapo barabara inayazuia yasishuke. Walirudi na matope hadi magotini, wakicheka.

Nikueleze barabara yenyewe ilivyo. Malisho yako upande mmoja, mto uko upande wa pili, na njia ya ng'ombe kushukia mtoni, ambayo sisi twaiita malka, ilikuwapo kabla ya lami. Ni barabara iliyoikuta malka, si malka iliyoikuta barabara. Kwa hiyo kila siku asubuhi Huka na ng'ombe wake huvuka lami kwenda kunywa, na baadaye huvuka tena kurudi. Zamani gari lilikuwa jambo la kusimama na kutazama. Siku hizi ni malori ya mizigo, mabasi, probox na bodaboda, na kila dereva anakimbia kama aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

Na Huka hasikii. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa homa zamani, na lililobaki linasikia linachotaka. Msimu wa mvua uliopita lori lilimgonga ng'ombe wetu Bore katikati ya lami, na kioo chake cha pembeni kikaing'oa fimbo mkononi mwa mume wangu. Kaja nyumbani anasema fimbo imempotea. Imempotea! Niliikuta kesho yake kando ya barabara, imevunjika vipande. Leo fimbo, kesho mkono, kesho kutwa mwenye mkono. Tangu siku ile, akirudi jioni huwa namtazama mkononi kabla sijamtazama usoni. Nampenda mzee yule, na sioni aibu kulisema.

Tumaini langu lilikuwa utafiti huo. Watu walisema barabara ikiinuliwa, patawekwa kivuko chini yake, mlango mpana wa zege, ng'ombe wapite chini na malori yapite juu, kila mtu na njia yake. Na jambo la kunifurahisha zaidi, binti yetu wa pekee, Darmi, aliyesomea mambo hayohayo ya barabara na mazingira, alichukuliwa na Daktari Josiah kumsaidia katika awamu ya pili ya kazi. Nikasema, basi, mtoto wetu yumo ndani, tutakosaje?

Darmi alifika nyumbani na mkoba wake na uso wa mvua. Hakunywa hata chai.

"Malka hakuna kivuko," akasema. "Nimeuona mchoro. Mashamba ya kina Jilo yamewekewa kalvati za maji, kubwa. Garsen sokoni pana njia ya waendao kwa miguu. Kwetu, hakuna kitu. Tuta la udongo moja kwa moja, limeinuka kama nyumba, na mawe ubavuni. Ng'ombe hawezi kulipanda."

"Sasa watapita wapi?" nikauliza.

"Watembee kando ya lami hadi darajani, Mama. Kwenda na kurudi."

Nikaona lami yote ile, na malori, na sikio la kushoto la Huka. Nikakaa chini.

"Kwa nini?" akauliza Huka.

"Kwa sababu mlisema wachache! Baba, hakuna serikali itakayomwaga zege kwa ajili ya ng'ombe wa kumpa mtoto maziwa."

"Barabara iko pale na ng'ombe wako pale. Kwani huyo daktari wenu hana macho?"

"Macho hayaandikwi, Baba. Kinachoandikwa ni idadi."

"Basi aandike wengi."

"Wengi si idadi."

"Ni idadi ya kutosha," akasema Huka, na akatafuta mawingu ya kutazama, ingawa tulikuwa ndani ya nyumba.

Darmi akageukia mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata wangu ulimnyamazia hivyohivyo." Akatoka nje.

Huka hakusikia. Mimi nilisikia, na lilinichoma, kwa kuwa nilijua anasema nini. Mtoto akizaliwa kwetu hupewa ndama wa kitovu, na kila atakayezaliwa na ndama yule ni mali ya mtoto. Darmi alipozaliwa Huka alimpa ndama jike wa kijivu, tukamwita Dalati kwa rangi yake. Darmi alikua naye, akimwimbia na kumtoa kupe. Dalati akazaa, na binti yake naye akarithi rangi na jina. Kisha ukaja ule ukame mkubwa, Darmi akiwa chuoni. Ng'ombe walikufa hadi tukachoka kuziba pua. Akapiga simu, "Baba, na Dalati wangu je?" Huka akajibu, "Mungu yupo." Mtu hatangazi aliyebaki hai wakati kifo bado kinazungukazunguka. Lakini msichana aliyekaa Nairobi, akiambiwa Mungu yupo, anajua amefiwa. Hakuuliza tena. Na mimi sikusema, kwa desturi ileile, nikidhani siku atakayokuja atajionea mwenyewe. Alikuwa akija siku mbili tatu, ng'ombe wako mbali malishoni, anaondoka.

Nilimfuata nje. Nilitaka kumwambia palepale, ila jambo la ng'ombe wa kitovu lina mwenye kulisema, naye ni baba. Nikamwambia kitu kingine.

"Darmi, baba yako jioni akisimama mlangoni pa zizi, anajuaje kama kuna aliyepotea?"

"Anawajua."

"Anawajuaje?"

Akafikiri. "Anawaita majina."

"Basi. Huka hajui ana wangapi, lakini anamjua ambaye hajarudi. Wewe muulize idadi mpaka ndevu zikuote, hatakujibu. Mwombe akujulishe. Baba gani atamkatalia binti yake kumjulisha jamaa zake?"

Darmi alianza kutabasamu, kisha akasita. "Mama, na mimi nikihesabu anapotaja? Si ni hila hiyo?"

"Wewe si umeajiriwa kuhesabu vinavyopita barabarani? Fanya kazi yako. Mambo ya kidole chako mimi siyajui."

Maana walikuwa na vimashine vya kuhesabia, vidogo vya kutosha kiganjani. Lori likipita unabonyeza, kinalia ta. Basi, ta. Bodaboda yenye watu wanne na mbuzi, ta moja tu, jambo ambalo mimi niliona ni dhuluma kwa mbuzi.

Asubuhi Darmi alikaa kwenye kigoda kando ya lami, mwavuli juu, kimashine mkononi. Mimi nilikuwa na madumu yangu ya maziwa, nangoja gari la Hola. Daktari Josiah, ambaye binti yangu alikuwa amemweleza, alivaa koti lake la kung'aa akasimama katikati ya barabara na bendera nyekundu, jasho linamtoka. Vumbi likaonekana, kisha pembe, kisha Huka.

Darmi akasimama. "Baba," akasema, upande wa sikio zima, "nimekaa mbali miaka yote hii. Ng'ombe wa nyumbani kwetu siwajui tena. Nijulishe."

Huka alisimama kama mtu aliyeguswa begani. Alinitazama mimi, nami nikatazama mawingu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Kisha akapita mbele, akaweka fimbo yake mlalo kifuani mwa ng'ombe wa kwanza ili wapite mmojammoja.

"Huyu ni Gurati," akasema. "Mweusi. Mama yake ndiye aliyeogelea mto na mamba akimtazama. Ana hasira, usimpite nyuma." Ta. "Huyu Dimtu, mwekundu, dada yake yule aliyetoa maziwa ya harusi ya binamu yako. Mvivu, lakini mzazi." Ta. "Huyu mwanawe. Huyu ni mjukuu wa Bore, Mungu alimchukua Bore hapa hapa ulipokaa."

Ta, ta.

Magari yakaanza kupangana. Malori, probox, basi lenye watu wanaochungulia. Dereva mmoja wa lori akashuka, akapiga kelele, "Mzee, kwani tutalala hapa?"

"Vumilia, mwanangu," Huka akamjibu, "bado sijafika kwa shangazi yake."

Watu wa basi wakaangua kicheko. Daktari Josiah akainua bendera yake juu zaidi, na dereva, kwa kukosa la kufanya, akaegemea bampa akasikiliza. Sijawahi kumwona mume wangu mrembo kama siku ile. Alinyooka. Maneno yalimtoka kwa raha, kila mnyama na ukoo wake na vituko vyake, na fimbo ikipanda na kushuka.

Kisha fimbo ikapanda na haikushuka. Mbele yake palisimama ng'ombe wa kijivu mwenye macho makubwa.

"Na huyu," akasema Huka, "hahitaji kujulishwa. Huyu ni Dalati. Binti wa Dalati wa kwanza, yule wa kitovu chako."

Mkono wa Darmi ulibaki hewani. "Dalati wangu alikufa kwenye ukame."

"Nani alisema?"

"Wewe. Nilikuuliza kwenye simu, ukasema Mungu yupo."

"Kwani hayuko?" akauliza Huka, na alikuwa anashangaa kweli. "Nilikuwa nikimkatia majani huko msituni mtoni, nambebea mgongoni. Aliposhindwa kusimama tulimshika mimi na mama yako, huku na huku. Unga wa nyumbani tulimkorogea uji. Mama yako alilala bila kula, muulize."

"Nililala bila kula na nilimtukana," nikasema. "Nikamwambia nimeolewa na mwendawazimu."

"Wengine niliwaacha wafe," Huka akasema. Sauti yake ilishuka, nami nikaisikia tu kwa kuwa barabara yote ilikuwa kimya. "Wangu niliwaacha. Huyu alikuwa wako."

Darmi akamwekea Dalati mkono shingoni, akaficha uso wake humo, akalia kama mtoto. Huka hakujua la kufanya. Wanaume wetu hawakumbatii binti zao barabarani mbele ya basi. Kwa hiyo aliendelea kufanya alichokuwa akifanya, yaani kujulisha. "Huyu binti yake, wako. Huyu ndama wake, wako pia, mtundu." Wakapita wote waliobaki, wa Darmi na wa Huka, kila mmoja na jina lake, na kimashine kikiwa kimening'inia kwenye kamba mkononi mwa binti yangu, hakikulia hata mara moja.

Nilidhani Huka hakujua habari za kile kimashine. Jioni nikimkandia Huka miguu, akasema ghafla, "Nilikiona kidole chake."

Nikaacha kukanda. "Na hukukasirika?"

"Mimi sikuhesabu. Mimi nilijulisha jamaa. Na kidole chenyewe kilinyamaza kilipofika pa kunyamaza." Akacheka kidogo. "Aliyeikata hesabu ile ni Mungu, Mama Darmi. Hakuna anayejua idadi yao. Niko salama."

Darmi naye hakutaka kudanganya kitaaluma. Alimwendea Daktari Josiah akamwambia wazi kwamba hesabu yake ni pungufu, na kwamba alikuwa analia. Daktari alivua miwani akaipangusa, ingawa siku hiyo haikuwa na ukungu. Akasema katika kazi yao kuna neno la hali kama hiyo. Palipoandikwa wachache, pataandikwa "si chini ya", kisha ile idadi aliyoishia Darmi. Nilipomfasiria Huka alilipenda sana neno hilo. Si chini ya. Alisema kumbe wasomi nao wana adabu zao, ila wanazificha.

Majirani nao hawakubali kupitwa. Huka amejulisha ng'ombe wake kwa binti wa chuo, basi zima likasikiliza, na wa kwetu wana kasoro gani? Kila mwenye ng'ombe alikuja kuomba zamu ya kujulisha, na masikini Daktari Josiah akasimama juani na bendera yake akisikiliza ukoo mmoja baada ya mwingine. Alirudi kwao amejaa nasaba za ng'ombe wa Tana, na pua yake imebabuka.

Mchoro ulibadilishwa. Wahandisi walikuja na mashine na vumbi na vijana wasemao Sheng kutoka Garsen, udongo ukapanda, na pale malka pakaachwa mlango mpana wa zege, mrefu kuliko pembe za Gurati. Ukiniuliza "si chini ya" ilifuatwa na ngapi, nitakutazamia mawingu.

Siku ya kwanza ya kupita chini niliwasindikiza. Ng'ombe waligoma mlangoni. Kulikuwa na giza ndani na juu malori yalinguruma. Huka akapita katikati yao, akamgusa Dalati. "Tangulia, wa Darmi." Dalati akanusa zege, akapumua kwa nguvu, akaingia, na wengine wakamfuata. Lori likapita juu ya kichwa cha mume wangu kwa mwendo wa wazimu, naye hakulisikia, na safari hii kutosikia kwake hakukunitia hofu hata kidogo. Nilizunguka upande wa pili nikangoja. Alipotoka nilimtazama mkononi. Fimbo ilikuwapo.

Jioni ile Darmi alipiga simu kutoka Nairobi. Nilimpa Huka, na nilimsikia binti yangu akiuliza, "Baba, wangu wamevuka?"

Nikangoja aseme Mungu yupo.

"Dalati amevuka," akasema Huka. "Yeye ndiye aliyewatangulia wote. Binti yake amevuka. Ndama yule mtundu amevuka, akarudi, akavuka tena. Gurati amevuka kwa hasira. Dimtu alivuka wa mwisho, unamjua alivyo..."

Simu ilizimika, betri imekwisha. Kwa kuwa katikati ya maneno alikuwa ameihamishia kwenye sikio la kushoto hakutambua, akaendelea kumtajia binti yake kila mmoja kwa jina lake hadi wakaisha wote. Sikumkatiza.